Kisanduku Juu ya Uso

Karani wa chama cha wafanyakazi walimwita Chapchap, na jina lenyewe lilimkaa. Wiki nzima alikuwa akitengeneza slaidi za mkutano, na kwenye slaidi ya tisa aliweka video ya dakika mbili. Ndani yake shangazi yake, mshonaji wa kiwanda cha mashati, alieleza jinsi meneja alivyoamuru mlango wa dharura upigwe kufuli, na jinsi wenzake wawili walivyokufa wakiugonga siku ya moto.

Meneja huyo walimwita Kufuli, ila si mbele yake. Mtu wa kwanza kumsema alikutwa mtaroni, taya limevunjika.

"Nitasema, mwanangu," shangazi alikuwa amemwambia. "Ila sura yangu isionekane. Nikijulikana, nimekwisha."

"Haitaonekana, shangazi. Niamini."

Sauti aliibadilisha mpaka ikawa nzito kama ya mzee mwenye mafua. Uso sasa, hapo ndipo palipokuwa na kazi. Chapchap hakujua kuuficha ndani ya video yenyewe, kwa hiyo akachora kisanduku cheusi kwenye slaidi, akakilaza juu ya uso. Akajaribu mara tatu. Safi kabisa.

Asubuhi ya mkutano mwenyekiti wa chama akaja na lake. "Video ndogo hivi, wa nyuma wataona nini? Zifanye zote zianze zenyewe na zijae skrini." Chapchap akaweka alama panapohusika, akahifadhi, akakimbilia kupanga viti. Hakujaribu tena. Jamani, dakika moja tu ingempunguzia nini?

Ukumbi ukafurika. Kufuli, aliyealikwa kujibu maswali, alikaa mstari wa mbele, kanyoosha miguu. Chapchap alisimama nyuma kabisa, na rimoti alikuwa nayo mwenyekiti.

Slaidi ya tatu ilikuwa na video ya siku kiwanda kilipofunguliwa, na juu yake maneno makubwa mekundu. Mwenyekiti alipobonyeza, video ikapanuka ikajaa skrini nzima. Yale maneno mekundu hayakuonekana tena.

Loo! Moyo wa Chapchap ukapiga paa. Kama video inameza kilichowekwa juu yake, basi na kisanduku kitamezwa. Uso wa shangazi utatandazwa ukutani, mkubwa kama mlango, mbele ya macho ya Kufuli.

Akampungia mwenyekiti mikono. Mwenyekiti akadhani anapongezwa, akatabasamu, akaenda slaidi ya nne. Chapchap akaanza kujipenyeza katikati ya viti. "Samahani, nipisheni, samahani." "We, unatukanyaga!" Ya sita na ya saba mwenyekiti hata hakuzisoma. Alitaka kupiga ukelele, lakini aseme nini, na Kufuli yule pale?

"Na sasa," mwenyekiti akasema, "msikilizeni shahidi wetu."

Chapchap akatoka mbio, kiatu kimoja kikamvuka. Akaukamata waya wa projekta, akaung'oa. Ukuta ukabaki mtupu. Kwenye kompyuta ile sauti nzito ilitamka neno moja tu, naye akashusha kifuniko kwa viganja vyote viwili.

"Chapchap kapigwa shoti!" mtu akapaza, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mwenyekiti alikuwa akifoka, lakini Chapchap hakusikia chochote. Haikuonekana. Mungu mkubwa, sura haikuonekana! Alitamani kulia kwa furaha.

Kufuli akainuka taratibu, akaokota kile kiatu, akamletea. Akamwinamia sikioni.

"Mtu hakimbii hivyo kwa ajili ya mtu baki," alisema kwa upole. "Na kiwandani kwangu wewe una ndugu mmoja tu. Msalimie shangazi."