Patasi Ndani ya Kapu Langu

Ta. Kitu kidogo kilidondoka gizani, upande wa kapu langu, kisha kimya. Nikasema ni panya. Nyumba zetu za Mabibo zina panya wasiomwogopa mtu, na alfajiri ile nilikuwa na haraka, hata kibatari sikuwasha. Nilimfunika vizuri mwanangu Anastasia, nikamgongea Mama Salumu wa chumba cha pili amwangalie, nikabeba kapu nikatoka.

Baba Anasta hakuwapo. Anselmo ni mchonga vinyago, na juzi yake alikuwa amekwenda Kisarawe kutafuta mpingo. Akiwapo nyumbani, kila asubuhi hunichongea penseli kwa patasi yake ndogo kabla hajagusa kinyago chochote. Wembe hautaki. Anasema penseli nayo ni mti, na mti wa mke wa fundi sharti uchongwe na fundi. Anasta huchuchumaa pale chini, akiokota yale maganda membamba kana kwamba ni maua.

Kazi yangu ilikuwa kukaa getini, kwenye bweni la wasichana wa chuo kikuu. Niliipata kwa sababu ya kisomo. Miaka miwili nilikwenda darasa la jioni Anasta akiwa mgongoni. Nikiitwa kusoma nasimama naye hivyo hivyo, nasoma huku nambembeleza. Siku ya kwanza kazini walinipa karatasi ya masharti niisome kwa sauti. Niliisoma yote bila kukwama. Marufuku: majiko ya mafuta na ya umeme, pombe, wanyama, na chochote chenye makali kupita kisu cha mezani. Kwa kibali tu: redio, pasi, baiskeli. Na chini kabisa: masharti haya ni ya wanafunzi na wafanyakazi sawasawa, na mfanyakazi aliye kwenye majaribio akikutwa na kitu marufuku aweza kuachishwa kazi.

Majaribio yangu ya miezi mitatu yalikuwa yanakwisha wiki ile.

Kulikuwa na jambo nililolianzisha mwenyewe, hakuna aliyenituma. Kila asubuhi, kabla sijafungua sanduku la mtu, nalimwaga kapu langu mezani wote waone. Niliona haya kupekua nguo za binti wa watu huku kapu langu limefumba mdomo.

Siku hiyo wasichana walikuwa wanarudi kutoka likizo, na foleni ilifika barabarani. Mbele kabisa alisimama Benedicta wa mwaka wa pili, ambaye mdomo wake haujawahi kwenda likizo. Nikamwaga kapu. Ikatoka khanga, vikatoka viazi vitamu viwili, daftari, penseli. Na patasi ya Anselmo. Ikagonga meza, ikazunguka, ncha ikanielekea mimi.

"Haa! Leo geti limejikamata lenyewe!" mmoja akapiga kelele kule nyuma, na foleni nzima ikacheka.

Benedicta hakucheka. Aliinama akaninong'oneza, "Dada Filomena, ifunike tu na khanga. Sie hatujaona kitu." Kisha akasukuma kwa mguu furushi lake, nalo lilinuka mafuta ya taa waziwazi. "Na hili hapa, nawe hujalinusa. Tumeelewana?"

Akilini nilimwona Anasta na viatu vyake vya kwanza, vile nilivyomnunulia kwa mshahara wa kwanza. Kufunika kitu na khanga ni kazi ya kufumba na kufumbua. Lakini ningeifungua vipi tena ile karatasi ya masharti nikaisoma kwa sauti?

Nikalivuta daftari la geti. Penseli ilikuwa butu, siku mbili haijachongwa, na herufi zikatoka nene kama vidole vya mguu. Kitu: patasi moja. Mwenye nacho: Filomena Anselmo, mlinzi wa geti. Safu ya mwisho inauliza kimeingiaje. Hiyo nikaiacha wazi.

"Sasa zamu yako, mdogo wangu," nikamwambia Benedicta. "Jiko moja la mafuta."

"Umejiandika kweli?"

"Wewe ni msomi. Soma."

Akasoma. Halafu akalifungua furushi mwenyewe na kuliweka jiko mezani, kando ya patasi. "Basi andika na sababu," akasema. "Njaa ya usiku."

Nikaandika.

Adhuhuri haijafika, akashuka Mama Kokushubila, mlezi wa bweni. Ni mama wa Bukoba, mwenye sauti ya taratibu inayotisha kuliko kelele. Alilifungua daftari, akalisogeza mbali na macho.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani kaandika hapa?"

"Mie, mama."

"Kwa gogo?"

"Kwa penseli, mama. Ni butu."

"Na patasi ilikuwa mbele yako."

"Ni kitu marufuku, mama. Nisingeweza kuitumia."

Wasichana waliokuwa karibu wakaziba midomo. Yeye akaweka kidole kwenye ukurasa. "Safu ya mwisho iko wazi."

"Sijui iliingiaje. Nikiandika, nitakuwa nimetunga."

Akalifunga daftari polepole. "Miaka yote niliyokaa hapa," akasema, "sijaona katika daftari hili jina la mtu aliyeshika penseli mwenyewe. Barua yako ya ajira iko mezani kwangu, Filomena. Kesho uje uijaze ile safu ya mwisho. Nataka ukweli mtupu, hata kama utakuaibisha. Ukishajaza, nasaini."

Nilirudi Mabibo kwa miguu, kichwa juu. Hata hivyo swali lilitembea nami: iliingiaje? Na kama sitajua, kesho nitajaza nini?

Nikamkuta Mama Salumu anakuna nazi uani. Nilipomuuliza alicheka hadi mbuzi ikatikisika. "Patasi? Mie? Mwenzangu, hata kisu changu cha vitunguu hakikati!"

Nikaketi, nikampakata Anasta, nikamsimulia Mama Salumu yote: ile foleni, kile kicheko, zile herufi nene. Nilipofika mahali nilipoandika jina langu mwenyewe mbele ya wasomi wa chuo kikuu, sauti ilinipanda. Ninajua kujifunza kuliandika jina lile kulivyonigharimu.

Anasta aliacha kutafuna kiazi. Akateremka mapajani mwangu, akasimama wima, mikono ubavuni, vile nilivyokuwa nikisimama darasani yeye akiwa mgongoni. Akasema kwa sauti, uani kote wakasikia:

"Mie niliiweka, ya kuchongea penseli yako."