Diski ya Shemasi Mbithi

Siku hizi mtu akiniambia "Bwana asifiwe" akiwa nyuma ya kaunta, mimi hukunja pua. Wacha niwaambie sababu.

Mimi ni Nthenya, karani wa kanisa letu hapa Kitui. Mwezi wa tatu diski ya kamera ya ofisini, ile inayohifadhi picha, iliibwa. Shemasi Mbithi, mwenye duka la vifaa vya umeme na ndiye aliyetufungia hiyo kamera, alisimama mbele ya wazee akaapa kwamba asubuhi hiyo ufunguo wa ofisi ulikuwa kwa Kyule peke yake. Kyule alikuwa mfagiaji wetu, mtu wa Kalamba, miaka kumi na minne kazini. Alifukuzwa Jumapili watu wakimtazama. Tangu hapo hakuna aliyempa kibarua, maana nani anamtaka mwizi wa kanisani?

Mwezi wa tano kompyuta yangu, ile kikongwe, ikaanza kulia ko-ko-ko. Nikaibeba mpaka kwa Musa, fundi wa karibu na soko. Alipoifungua, aii! Vumbi zito kama blanketi, mende wawili wakatoka mbio, na mayai ya mjusi juu ya feni. Nikaziba mdomo.

"Mama, diski yako inakufa," Musa akasema. "Niko na hii. Imetumika, sikufichi, lakini nimeipima."

Imetumika! Nikamwangalia kutoka juu mpaka chini. Kwani kazi ya Mungu ni ya kuvalishwa mitumba?

Nikaenda kwa shemasi. "Dada Nthenya, Bwana asifiwe! Hii ni mpya kabisa, haijaguswa na mkono wa mtu." Ilikuwa ndani ya plastiki, stika inang'aa. Hata akaiombea, mkono juu ya boksi, macho amefumba. Nami nikaitikia amina, mjinga mimi.

Nikampelekea Musa aifunge. Akaiunganisha kwanza na mashine yake, akasoma namba kwenye skrini.

"Mama, diski hujihesabia saa zake, kama gari na kilomita. Hii mpya yako imefanya kazi saa elfu ishirini na mbili." Akakwaruza stika kwa ukucha. Chini yake kulikuwa na nyingine, chafu, imechakaa. "Imetoka kwa kamera. Hata kuifuta hawakuifuta vizuri."

Akahangaika nayo kidogo, picha zikatokea. Meza. Chupa ya chai ya buluu. Mwanamke amekaa, mgongo kwa kamera, anakula mandazi. Ile chupa naijua. Ule mgongo ni wangu.

"Peleka mwisho!" nikamwambia.

Mwisho ni asubuhi, ofisi haina mtu. Mlango ukafunguliwa kwa ufunguo, akaingia Mbithi. Akaona andazi langu lililobaki kwenye sahani, akalila lote, akajifuta mdomo kwa kitambaa changu cha meza. Halafu akainama kwenye kisanduku cha kamera, na picha ikakatika.

Nilitoka nje nikatema mate. Kitambaa hicho nilikuwa nimekifua kwa mikono yangu! Na huyo mtu ameuombea wizi wake mbele yangu, nikasema amina!

Siku hiyo hiyo nikafunga safari mpaka Kalamba. Nikamkuta Kyule akipalilia mbaazi. Nikamweleza yote, nikimwita Mbithi fisi, mnafiki, mla makombo, nikaapa kwamba Jumapili tutamwanika mbele ya kanisa zima. Kyule alisikiliza mpaka nikaishiwa maneno. Akaingia nyumbani, akatoka na karatasi iliyokunjwa mara nne.

Ilikuwa barua ya kumfukuza. Niliichapa mimi, kwa kompyuta ile ile, wazee wakiwa bado kikaoni.

"Karani," akasema, akiweka kidole kwenye mstari wa pili. "Hapa pameandikwa 'mwizi sugu'. Nilikuwa pale mlangoni, nikawasikia. Wao walisema mwizi tu. Hii 'sugu' ni ya nani?"

Ilikuwa yangu. Niliiongeza ili barua isikike vizuri.