Wageni Hewa

Mama Vitanda na shemeji yake waliacha kusemezana siku ile shemeji alipofungua gesti ya pili mbele kabisa ya gesti ya marehemu kaka yake. Mlango ukatazamana na mlango, kibao kikatazamana na kibao. Mama Vitanda alisema mtu aliyelelewa na mumewe kama mtoto, kisha akangoja kaburi likauke tu ndipo amwekee biashara puani, huyo hata salamu hastahili. Shemeji mtu, ambaye watu walimwita Kapteni kwa ile kofia yake nyeupe, ingawa hata mtumbwi hakuwahi kupanda, alijibu kwamba mtaa haukuandikwa jina la mtu.

Na kweli wakati ule mtaa uliwatosha wote. Uliitwa Mtaa wa Mashanta, kwa ajili ya vijana wa kigeni walioshuka stendi pale juu, migongoni wamebeba mashanta makubwa kuliko wao, nyuso zimeiva kwa jua. Walilala kwenye vitanda vya ghorofa, wakafua soksi kwenye sinki la kunawia uso, wakaanika chupi kwenye reli za roshani bila haya. Kulikuwa na duka la kubadilishana vitabu, msusi, dobi, na wauza safari waliogombana kila asubuhi. Mama Vitanda alijua kusema "maji ya moto yapo" kwa lugha sita, na katika zote sita alikuwa anadanganya.

Kapteni alikuwa na mbinu yake. Alikwenda stendi, akamvua mgeni shanta kabla hajasema lolote, akatangulia nalo, maana mtu atafuata begi lake popote liendako. Mama Vitanda akimwona anakuja, anapaza sauti toka roshani:

"Huko kuna kunguni!"

"Walitoka kwako!" anajibu Kapteni bila kuinua macho.

Hayo ndiyo yaliyokuwa maongezi yao, miaka nenda miaka rudi.

Kisha stendi ikahamishiwa nje ya mji. Vijana wakaanza kutafuta vyumba kwa simu, kwenye majumba marefu upande wa pili, ambako ufunguo huwekwa kwenye kisanduku mlangoni na mgeni huingia na kutoka bila kuonana na binadamu. Msusi alifungasha vitu vyake. Duka la vitabu likawa la matairi. Wauza safari waligombana hadi akabaki mmoja, naye alipokosa wa kugombana naye akaondoka. Mama Vitanda aliendelea kutandika vitanda kila asubuhi, akaendelea kuvitandua kila wiki kuondoa vumbi, si jasho.

Asubuhi moja alikuwa anafagia mbele ya mlango wake. Ng'ambo aliona Kapteni ameketi kwenye ngazi, kofia imeanguka chini, anajaribu kuiokota na mkono unakataa. Aliutazama mkono ule ukikataa mara ya pili. Akatupa ufagio, akavuka barabara ambayo hakuwa ameivuka tangu msiba.

"Shemeji, una nini?"

Kapteni alijibu, lakini maneno yalitoka yamelala upande mmoja.

Hospitali walisema ni kiharusi. Binti yake pekee alikuwa mji wa mbali, ana mtoto mchanga, amepanga chumba kimoja. Alilia kwenye simu. "Mama mkubwa, nipe muda nitafute nafasi, nitakuja kumchukua." Mama Vitanda akasema achukue muda wote, kwani yeye alichokosa ni watu wa kulala, vitanda anavyo.

Akamweka chumba cha chini, kwa sababu ngazi hawezi. Dirisha lilitazama uani, kwenye kamba za nguo na pipa la maji. Mtaa hakuuona. Alichobakiwa nacho ni masikio.

Siku za mwanzo hakutaka kula. Aligeuzia uso ukutani na kijiko kikabaki hewani. Mama Vitanda alimbembeleza, akamfokea, akambembeleza tena. Mchana mmoja, kijiko mkononi, akajikuta anasema:

"Kula haraka basi, shemeji. Nina wageni juu wananingoja."

Uso uligeuka. "Wageni?"

"Wawili. Mtu na mchumba wake. Wamegombana kwa ajili ya ramani, sasa kila mmoja anataka kitanda chake."

Kapteni alicheka, na alipocheka kijiko kikaingia.

Basi ikawa hivyo. Kila mlo na mgeni wake. Akaja msichana anayepiga picha milango tu, watu hapigi. Akaja mzee aliyekuwa amelala humo ujanani, akakasirika kukuta godoro jipya. Akaja kijana mmoja mrefu ajabu, hata miguu ilipenya kwenye vyuma vya kitanda, na asubuhi aliamka akiomba radhi kwa kila kitu: kwa ngazi, kwa taa, kwa paka. Huyo Kapteni alimpenda kuliko wote. "Yule mrefu kaamka?" "Kaamka, kajigonga mlangoni, kauomba mlango radhi." Mama Vitanda alipanda juu, akatembea kwa kishindo kwenye vyumba vitupu, akafungua mabomba, akaburuta viti. Wakati mwingine alisimama katikati ya chumba na kutamka maneno ya zamani kwa kitanda kitupu: maji ya moto yapo. Kisha akakaa kitandani hapo mpaka moyo utulie.

Kapteni alinenepa kidogo. Ulimi ulianza kunyooka. Lakini na jambo jingine likaanza kunyooka, ambalo Mama Vitanda hakulitazamia. Alimkuta ameketi, uso umekunjamana.

"Msimu umerudi," alisema Kapteni, "na gesti yangu imefungwa."

"Pona kwanza."

"Unapata wageni wangu wote, shemeji."

Kesho yake, yeye akiwa sokoni, Kapteni alijivuta mpaka ukingoni mwa kitanda na kusimama. Alikuwa anakwenda kufungua mlango wake. Mama Vitanda alimkuta sakafuni, paji la uso limechanika, funguo amezishika kwa mkono ule mzima. Alimfunga kitambaa, damu ikampaka mpaka viwiko, naye akalia vile ambavyo hakulia hata alipofiwa.

"Hakuna wageni, shemeji. Hajaja mtu. Nilikuongopea ili ule."

Kapteni alimkazia macho.

"Unataka nisifungue," alisema.

"Nakuapia kwa marehemu."

"Marehemu mwache. Nimewasikia juu."

Tangu hapo akala kimya. Hakuuliza tena habari za mrefu.

Binti alifika na gari la kuazima, saa za mchana. Walimtoa Kapteni kwa mlango wa mbele, binti ameshika bega hili, mama mkubwa bega lile. Pale kizingitini alisimama. Jua lilikuwa kali, na mtaa wote ulionekana hadi mwisho. Mabati ya maduka yameshushwa. Matairi. Kibao chake mwenyewe kimening'inia kwa msumari mmoja. Mbwa amelala katikati ya barabara, hana wa kumpisha.

Aliinua uso kwenye roshani za Mama Vitanda. Reli zilikuwa tupu.

Walimketisha kwenye gari. Mama Vitanda aliinama dirishani, akamvalisha kofia yake.

"Mrefu naye?" aliuliza Kapteni. "Hakuwepo?"

"Hakuwepo, shemeji."

Machozi yalimteremka Kapteni upande mmoja tu wa uso, ule uliokuwa bado unasikia. "Nilimzoea," alisema. Kisha mkono wake mzima ukatoka dirishani, ukamshika Mama Vitanda kiganja, ukakaa hapo hadi binti alipowasha gari.

Aliishi kwa bintiye mpaka mvua za mwaka uliofuata. Walikuwa wakiongea kwa simu mara kwa mara, juu ya paja linalouma, juu ya mjukuu anayeota meno. Habari za mtaa hakuna aliyezigusa. Mama Vitanda alisafiri kwenda kumzika, akaketi na wafiwa, akapika nao, akawaaga.

Aliporudi alikuta kibao cha Kapteni kimeanguka. Alikiokota, akakifuta matope kwa khanga yake, akakiingiza ndani na kukiegemeza ukutani kwenye chumba cha chini. Vitanda aliviuza kwa shule moja ya bweni. Mafundi waliovifungua walifanya kazi siku nzima, nyundo ikisikika mtaa mzima, na hapakutokea mtu hata mmoja mlangoni kuuliza kelele ni za nini.