Samaki wa Bibi

Mkono wangu ulilowa jasho hata nikaogopa kumpa Bwana Kessler, meneja aliyekuwa ananisaili. Kazi yenyewe sikuitaka. Mimi na Greta tulikuwa watu wa utafiti: yeye mzungu, mimi mweusi, elimu sawa, nguo sawa, majibu tumeyafanyia mazoezi pamoja chuoni wiki nzima. Yeye huingia kwenye usaili asubuhi, mimi mchana, kisha Profesa Haskins anaangalia nani ameitwa kazini. Wabunge wa jimbo letu la Wisconsin, Marekani, walikuwa wanayangoja matokeo, maana walitaka kuufuta mpango unaowafungulia watu wetu milango ya ajira. Sharti lilikuwa moja: usijitaje kuwa mtafiti. Ukijulikana, wenye kampuni wataonyana, na utafiti umekufa.

"Haya binti, niambie siku kazi ilipokuelemea," alisema Kessler.

Nikamweleza Ijumaa ile umeme ulipokatika mkahawani kwa bibi yangu, watu wamejaa wakingoja samaki wa kukaanga, nami nikaburuta jiko la gesi hadi uani, nikakaanga kwenye theluji na kofia ya marehemu babu kichwani.

Kessler aliacha kutabasamu. "Kofia ya babu?"

"Ndiyo, bwana. Ya manyoya."

"Kisa hicho nimekisikia leo asubuhi, kwa msichana mwingine. Na kofia yake, na manyoya yake."

Greta! Kila mmoja alikuwa na kisa chake, lakini tulisikilizana mno kwenye mazoezi, hata cha mwenzio ukawa unakijua kuliko chako. Alibanwa, akachota changu.

"Umemsikia wapi, kwenye basi?"

"Ni bibi yangu," nilisema.

"Yule alisimulia mpaka machozi yakamlenga. Wewe unakariri tu." Akainua simu. "Duane, njoo. Nina mwongo hapa."

Duane alikuwa mlinzi, bastola kiunoni. Mama alitufundisha tangu wadogo: mbele ya mtu kama huyo, mikono ionekane. Nikaweka viganja mezani. Neno moja tu lingeniokoa, mpigie Profesa Haskins, na nilikuwa nalo ulimini. Nikalimeza.

"Huna la kusema?"

"Sina, bwana."

"Hata haya huna!"

Duane alinisindikiza mpaka nje, mkono haubanduki kiunoni. Sikuthubutu kugeuka nyuma. Greta alikuwa ananisubiri ndani ya gari, mtaa wa pili, uso umempauka.

"Verlene, nisamehe, shoga. Changu kilinipotea chote."

"Endesha, tuondoke."

"Kessler kanipigia sasa hivi. Kazi nimepewa, nianze Jumatatu."

"Mungu wangu. Basi utafiti umepona."

Greta hakuwasha gari. "Kisa cha bibi kimemwingia sana. Kauliza mkahawa uko wapi, jioni hii ampeleke mkewe."

"Na wewe?"

"Nilishtuka, Verlene. Nikamtajia."

Ilikuwa Ijumaa, siku ya samaki wa kukaanga. Bibi alikuwa ameshawasha majiko, na kila mgeni yeye mwenyewe ndiye humpokea mlangoni. Kessler akimtia machoni tu, mweusi kama mimi, atajua ni bibi wa nani.