Zamu ya Kuonja

Wanasema ndoto za mchana hazimfikishi mtu popote. Mimi sibishani nao. Nasimulia tu ya Tuntufye, mchimba visima, aliyeota adhuhuri juu ya sakafu ya ghala kuukuu, ndani ya kambi ya jeshi la nchi isiyo yake. Alikuwa ameshikwa pamoja na mwenzake wa kazi, Ndimbo, mtu wa Mbinga. Kosa lao lilikuwa moja tu: walitandaza nyaya za mashine ya kupima maji ardhini, wasijue kwamba nyuma ya miti iliyokuwa mbele yao kuna kambi. Askari walipoziona nyaya hawakuuliza mara mbili. Wapelelezi hawa! Wakafungiwa, miezi ikapita, na hakuna aliyewaambia kesi yao ni ipi wala itasikilizwa na nani.

Asubuhi ya siku ile Kapteni wa kambi alikuwa amemwita Tuntufye peke yake, akamvutia kiti, akasema naye kwa upole uliomtisha kuliko kofi. "Gari la ubalozi wenu liko njiani. Wewe sina neno nawe. Huyo mwenzako ndiye simwelewi. Niambie tu kwamba mashine ilikuwa yake na mambo yake hukuyajua, uende ukalale kwenu. Nitakuja alasiri kusikia." Ubaya ni kwamba Tuntufye alitamani kumpa neno hilo. Siku chache nyuma Ndimbo naye aliitwa peke yake, akarudi na kipande cha sabuni, akaoga, akanukia ghala zima. Alipoulizwa alisema, "Aa, kaka, kaniuliza habari za nyumbani tu." Habari za nyumbani, na sabuni juu yake? Tangu hapo Tuntufye alimega ugali wake pembeni na maji akateka mwenyewe. Mchana huo alilala amempa mwenzake mgongo, akinung'unika kwamba kikulacho ki nguoni mwako, mpaka usingizi ukamchukua.

Akajiona katika nchi iliyopasuka kwa ukame, ingawa nyayo zake, nyayo za mtu wa maji, zilimwambia kwamba maji yako chini, tena karibu. Watu wa nchi ile walitembea kinyumenyume ili wamwone anayewafuata, kwa hiyo waligongana mchana kutwa, na kila aliyegongwa aliapa kwamba amevamiwa. Visima vilikuwapo vingi, lakini kila kimoja kimefunikwa bati, na juu ya bati ameketi mwenyewe, midomo imemkauka, analinda maji asiyothubutu kuyanywa, maana nani ajuaye jirani ametia nini humo? Katikati yao alipita mwanamke mmoja aliyetembea akitazama mbele, akigusagusa ardhi kwa fimbo. Tuntufye akamwamkia na kumwuliza nchi ile ni ya nani.

"Ya kaka yangu, Shaka," akajibu. "Mimi naitwa Hadhari. Tumetoka tumbo moja, na watu hutuchanganya. Mimi humwambia mtu, angalia, hapo mbele pana shimo. Nikishasema, naenda zangu. Yeye humwambia kwamba dunia nzima ni shimo, na akishaingia nyumbani kwako hudai chumba, kisha hudai na kitanda. Nitakufikisha kwake, kwa kuwa njia ya kwenu inapita uani pake. Msikilize, lakini usikae."

Tuntufye alitarajia kukuta jitu. Alimkuta bwana mmoja mpole, shati limepigwa pasi, na alinukia sabuni ileile. "Karibu, mwanangu," Shaka akasema. "Mimi sikukuita, umekuja mwenyewe. Sabuni ile ilitoka wapi? Mimi sisemi kitu, nauliza tu. Mtu asiye na siri huoga mchana? Nauliza tu." Kila swali lilimwingia Tuntufye na kukuta nafasi yake imeshafagiliwa. Kisha Shaka akamwonyesha lango jeupe mwisho wa bonde. "Lile ni lango la kwenu. Hupita mmoja mmoja. Ukizubaa, atakutangulia yeye. Kunywa maji kwanza, safari ni ndefu." Akamkabidhi kikombe. Tuntufye alikipeleka mdomoni, akasita. Mwenye nyumba hakuwa ameonja. Akatazama pande zote, akaona kwamba katika nchi ile yote hapakuwa na mtu aliyemwonjea mwenziwe. Akakimwaga, akakimbilia langoni.

Langoni aliketi mama mmoja, na uso wake ulikuwa uso wa mamake Ndimbo. Tuntufye aliukumbuka vizuri. Siku waliyoondoka, yule mama aliwafuata hadi stendi na kibuyu cha togwa, akamimina, akaonja yeye kwanza kama ilivyo desturi, mnywaji aone kwamba ndani hamna sumu, ndipo akampa Tuntufye na kumwambia, "Baba, huyu nakukabidhi wewe. Unakwenda naye, urudi naye." Tuntufye alikunywa, na kwa kunywa akawa amekubali.

"Mimi ni Amana," akasema yule wa langoni. "Yuko wapi niliyekukabidhi?"

"Mama, sina hakika kama ni mwema."

"Wema wake sikukuuliza. Mtu akikuwekea mzigo, huufungui ukaukagua ndipo uamue kuutunza."

"Na kama kweli alinisema?"

"Basi utakuwa ulikabidhiwa mtu. Ulitaka malaika?" Akamnyooshea kikombe. Tuntufye akangoja. Mama naye akangoja. "Mbona hunywi?"

"Nangoja uonje, mama."

"Siku ile nilionja mimi," akasema taratibu. "Leo ni zamu yako."

Tuntufye akageuka, akamwona Ndimbo bondeni, midomo imempasuka, anakuja kinyumenyume kama wenyeji. Akainua kikombe. Kabla maji hayajamgusa ulimi, mkono ukamtikisa bega.

"Kaka. Kaka, amka, unaitwa."

Alikuwa Ndimbo, na mlangoni alisimama Kapteni. Tuntufye akaketi, akaitazama ile pembe ambako amekuwa akila peke yake, sahani yake imegeukia ukuta. Ndipo akaelewa. Jeshi lilimfungia ghalani tu. Kule pembeni alijifungia mwenyewe, na Kapteni alikuwa amekuja kuchukua ufunguo.

"Haya, neno lako," Kapteni akasema.

Tuntufye akasimama. "Mashine ni yetu sote, afande. Inatafuta maji, basi. Huyu nilikabidhiwa na mama yake. Nimekuja naye, nitarudi naye. Akibaki, tunabaki wote."

Kapteni akacheka puani, akafunga mlango. Wawili hao wakabaki kwenye joto. Tuntufye aliilaani ndoto yake, akajilaani na yeye, akawaza mkewe na watoto. Jua lilipopoa, mlango ukafunguliwa tena, wakaitwa wote wawili. Nje lilisubiri gari la ubalozi, na ndani yake mama mmoja ofisa, mwenye haraka, ambaye hakutabasamu mpaka walipolipita geti la kambi.

"Kesi hawakuwa nayo," akawaambia. "Wakubwa wao walishakubali mrudi nyote. Huyu Kapteni alikuwa anatafuta mtu wa kwenu ampe neno moja tu, apate kumbakisha mmoja, yeye aonekane hakukosea kuwakamata. Shikeni, mna kiu."

Akawapa chupa ya maji. Tuntufye akaifungua, akanywa funda moja, akamnyooshea mwenzake. Ndimbo hakuipokea. Alikuwa akitazama mikono yake.

"Kaka," akasema. "Siku ile ya sabuni..."

Tuntufye alitamani kujua. Walahi alitamani, hata akaisikia ile harufu ya sabuni ndani ya gari, na sauti ya upole sikioni: mimi sisemi kitu, nauliza tu. Akaisogeza chupa karibu zaidi.

"Usiniambie," akasema. "Nimeshaonja. Kunywa, mama yako anatungoja."