Mbawakawa wa Gogo la Ikuti

Mbawakawa mwenyewe hafiki punje ya ulezi. Ni wa kahawia, na anaishi ndani ya uyoga mgumu unaoota kwenye magogo, ule ambao hata njaa haijamlazimisha mtu kuula. Humo anazaliwa, humo anakula, humo anafia. Dume ana pembe mbili kichwani, jike hana kitu. Majike wa jamii hii wote wanafanana, kwa hiyo asiye na dume hawezi kusimama mbele ya wenzake akasema amepata spishi mpya. Mimi nilikuwa na majike watatu.

Aliyeniletea, wakiwa ndani ya kipande cha uyoga, ni Tulia, muuza ndizi wa soko la Tukuyu. Mwaka huo wa 1994 soko lilifurika mitumba na sabuni za kila rangi, na serikali ilikuwa inapunguza watu. Nami nilipunguzwa. Barua ilisema mradi wetu wa wadudu wa misitu unafungwa tarehe thelathini Juni. Baada ya hapo sanduku langu la wadudu lingepelekwa stoo, na stoo zile nazijua: kinachoingia hakitoki. Nilibakiwa na wiki nne za kumpata dume.

"Uyoga huu umeutoa wapi?" nilimuuliza.

"Ikuti."

"Ikuti ni kubwa, dada. Kwa nani?"

Akainama kupanga ndizi zake. "Kwa mzee mmoja."

"Mzee gani?"

Akamgeukia mteja. Nikaandika "Ikuti" kwenye kikaratasi, nikaondoka nimenuna. Mimi ni mtu wa Morogoro, mambo ya kufichana siyawezi, na nilidhani anataka kuniuzia siri kipande kipande. Wiki tatu nilipanda na kushuka vilima vya Ikuti nikichokonoa kila gogo lenye uyoga, nikaambulia siafu na mafua. Mvua ya kule haina habari kwamba masika yamekwisha.

Wiki ya mwisho nikamrudia, nikamfokea mbele ya wateja wake. Alimwachia ndizi Esnath, jirani yake wa meza, akajifunga khanga vizuri, akasema, "Twende. Ila mimi sitafika."

Tukapanda pikapu hadi Ikuti, kisha tukatembea. Kwenye kona moja ya njia tukasikia shoka. Tulia akavuta khanga hadi usoni, akaingia migombani, akachuchumaa.

"Ni baba mkwe," akanong'ona. "Kwetu mkamwana haonani na mkwewe, wala hatamki jina lake, mpaka kufa. Kuni zangu naokota Jumapili akiwa kanisani. Sasa ningekutajiaje, kaka? Hapa pote panaitwa kwa jina lake."

Niliona aibu, tena kubwa. Nikamwambia jambo nililolipanga tangu siku aliyoniletea wale majike: anayemwandika mdudu kwa mara ya kwanza ndiye anayempa jina, na huyu nitamwita kwa jina la Tulia.

"Mdudu aitwe mimi?" Alicheka akijiziba mdomo. "Wanangu watanitania." Lakini aliniuliza mara mbili kama ni kweli, na mara zote mbili nikasema ni kweli.

Mkwewe huyo, Mzee Ambilikile, alikuwa ameshapasua nusu ya lile gogo alikotoa Tulia uyoga. Ule uyoga ulikuwa umebaki kwenye nusu ya pili. Nikamwamkia, nikamweleza, kwa sauti ya juu maana masikio yake yalikuwa mazito. Alinisikiliza ameegemea mpini.

"Ndaga, asante, mwanangu. Hizi ni kuni za harusi ya kitinda mimba wangu," alisema. "Huyo mdudu ataandikwa kitabuni?"

"Ataandikwa."

"Na jina halifutwi?"

"Halifutwi, mzee."

Akafikiri. "Basi aitwe Ambilikile. Kaka zangu wote wana wajukuu waliorithi majina yao. Mimi wanangu wamewapa watoto wao majina ya redioni. Aitwe Ambilikile, chukua uyoga wako. Hutaki, niache nipasue kuni zangu."

Akanyanyua shoka. Hakuwa anatania.

Nilitazama kule migombani. Hapakutikisika hata jani moja. Ningeweza kubembeleza, ningeweza kumwambia ni nani aliyemwona mdudu huyu kabla yetu sote. Zilikuwa zimebaki siku tano.

"Sawa, mzee," nikasema. Nililazimika kulisema kwa kelele ili asikie.

Dume nilimpata kwenye kipande cha tatu, na pembe zake mbili zimesimama kama za ndama. Nilipogeuka kurudi njiani, Tulia alikuwa ameshaondoka.

Maelezo yangu yalichapishwa baada ya miaka miwili. Wakati huo nilikuwa nauza dawa za kuulia wadudu katika duka la mtu binafsi Mbeya, kazi ambayo wenzangu waliicheka sana. Nilichukua nakala, nikashuka Tukuyu. Tulia alikuwa kwenye meza yake ileile. Akafuta mikono, akapokea, akafuatisha kwa kidole maneno ya Kilatini asiyoyajua hadi kilipofika kwenye jina. Kidole kikasimama.

Esnath akainama kutoka meza ya pili. "Ndiye yule mdudu wako, mama? Anaitwaje?"

Tulia alikunja karatasi taratibu, akaniangalia.

"Muulize kaka."

Nikalitaja mimi.