Uso Ulioganda Kwenye Kioo

Bibi Agnela alikuja studioni kwangu kutoka Maji ya Chai na picha pekee ya marehemu mama yake, iliyokunjika mpaka jicho moja likafutika. Asubuhi nzima alikaa kando yangu akinielekeza, nami nikiuchora upya uso huo polepole kwenye kompyuta yangu ya mtumba. Shavu lijae kidogo. Jicho lilegee.

"Hapo hapo!" alisema ghafla. "Shikamoo, mama."

Nilipotaka kuhifadhi kazi, kompyuta ikaganda. Kama ningeizima, jicho lile lingepotea, wala sikujua nililipataje.

"Hataki kuondoka," Bibi alicheka. "Ndivyo alivyo. Ukimsindikiza, mnaagana mlangoni mpaka chai inapoa."

Nikafunga mapazia, nikaiweka kamera ya filamu mbele ya kioo cha kompyuta, niupige picha uso ule kabla haujapotea. Chumba kikajaa mwanga wa buluu, kama ukungu wa Meru.

"Tulia, usipumue," nikasema kwa mazoea, kama ninavyowaambia wateja wote.

Bibi akabana pumzi. Nilipofyatua kamera, niliona kana kwamba tumeshusha pumzi watu watatu.

"Haya," Bibi akanong'ona, "sasa mzime taratibu."